Mtu wa Inje: Juu ya Kitabu cha Albert Camus

Kitabu kidogo cha Albert Camus, L'Étranger, kilitoka Paris katika mwaka wa 1942, wakati mji ule ulikuwa mikononi mwa majeshi ya Wajerumani. Tangu wakati ule hakijaacha kusomwa. Wanafunzi wetu wanakikuta katika masomo ya kifaransa. Mara nyingi wanaambiwa kwamba ni kitabu cha mtu asiyesadiki kitu, wanaandika maneno mawili matatu katika kaye zao, kisha wanaendelea na kitabu kingine. Tunaona kwamba kukisoma vile ni kuishia mlangoni. Kitabu hiki kinauliza neno linalomgusa kila padri na kila mwalimu wa dini: watu wakimtoa mmoja wao katikati yao na kusema «Huyu si wa kwetu», wanamhukumu hasa juu ya nini?

Tuanze na jina lenyewe. Mtu angeweza kuligeuza kwa luga yetu na kusema «Mgeni». Lakini kwetu mgeni ni mtu wa heshima: anapewa kiti, anapewa maji, anaulizwa habari za safari. Yule anayesemwa na Camus hapewi kiti. Anasema luga ya wenzake, anafanya kazi pamoja nao katika biro moja ya mji wa Alger, na hata hivi siku moja wenzake wanamtazama na hawamwoni tena kuwa mwenzao. Basi tunapenda zaidi kusema: mtu wa inje.

I. Hadisi

Meursault ni karani. Mama yake amekufa katika makao ya wazee kule Marengo, kilometa 80 kutoka Alger. Anakwenda kumzika. Mlinzi wa mlango anataka kufungua sanduku apate kumwona mama yake mara ya mwisho, anakataa. Usiku wa kukesha anakunywa kahawa ya maziwa, anavuta sigareti, anasinzia. Kesho yake, katika jua kali, mama anazikwa, na mtoto hatoi chozi. Siku inayofuata anakwenda kuoga baharini, anakutana na msichana Marie, wanakwenda pamoja kutazama sinema ya kuchekesha, kisha analala naye.

Jirani yake Raymond ni mtu ambaye watu wa mtaa wanasema anaishi kwa fedha za wanawake. Raymond ana ugomvi na mwanamke mmoja Mwarabu na anataka kumwazibu. Anamwomba Meursault amwandikie barua ya kumvuta yule mwanamke arudi, Meursault anaandika. Mwanamke anakuja, anapigwa mpaka polisi anaitwa. Kisha ndugu yake mwanamke na wenzake wanaanza kumfuata Raymond. Siku ya Mungu moja wanapigana kando ya bahari, na Raymond anachanjwa kwa kisu. Baadaye Meursault anarudi pale peke yake, bastola ya Raymond mfukoni, na anamkuta yule mwenye kisu amelala karibu na chemchemi. Kisu kinatoka, jua linawaka machoni. Meursault anapiga risasi moja. Anangoja kidogo, halafu anapiga nne nyingine juu ya mwili usiojitikisa tena.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni gereza na tribinali.

II. Kilichohukumiwa

Msomaji anazani kwamba tribinali itaangalia maiti. Kumbe inaangalia kilio. Wanaitwa mkubwa wa makao ya wazee, mlinzi wa mlango, mzee Pérez aliyekuwa rafiki wa marehemu mama. Wanaulizwa juu ya kahawa, juu ya sigareti, juu ya usingizi, juu ya macho makavu. Marie anaulizwa walianza kujuana siku gani na sinema ile ilikuwa gani. Mshitaki wa Serikali anakusanya vitu hivi vidogo kimoja kimoja, kama mtu anayeokota kuni, mpaka ana mzigo wa kutosha kuwashia moto. Avoka mwenyewe anashangaa na kuuliza kama mtu wake ameshitakiwa kwa kuzika mama ao kwa kuua mtu. Mshitaki hashituki. Kwake yeye ni jambo moja: aliyezika vile alikuwa tayari mwuaji moyoni. Na Meursault anahukumiwa kukatwa kichwa mbele ya watu, kwa jina la taifa la Ufaransa.

Ni vema tuangalie vizuri ginsi kazi hii inavyofanyika, maana hatutaikuta Alger tu. Kwanza kuna tendo baya la kweli. Kisha watu wanaogopa, wanataka kuelewa. Halafu wanarudi nyuma katika maisha ya mtu, na kila kitu alichokifanya pasipo kufikiri kinakuwa ishara. Jana kahawa ilikuwa kahawa. Leo ni ushuhuda. Mwishoni watu hawaulizi tena alifanya nini. Wanasema yeye ni nani, na jibu walikuwa nalo tangu mwanzo.

Camus aliijua kazi hii kwa macho yake. Mbele ya vita ya 1939 alikuwa mwandishi wa gazeti Alger républicain, akikaa katika vyumba vya tribinali na kuandika habari za mashitaki. Anaandika juu ya majuji kama mtu aliyewatazama siku nyingi akiwa amekaa nyuma yao.

III. Wenye elimu wanasema nini

Neno hili lilichunguzwa pia na wenye sosiolojia. Émile Durkheim, Mfaransa, alifundisha katika mwaka wa 1893 kwamba kosa halitambulikani kwa ubaya wa tendo peke yake: linatambulikana kwa sababu linaumiza moyo ambao watu wote wa kabila ao wa mji wanao pamoja. Mwaka wa 1895 aliongeza mfano ambao waseminari wataupenda. Alisema, tuwaze nyumba ya watawa waliokamilika kabisa. Makosa makubwa hayatakuwapo humo, lakini makosa madogo yatahesabiwa makubwa. Aliyepata kuishi katika seminari hahitaji kuelezwa: mjini mtu anaweza kupiga kelele usiku kucha, nasi humu tunamtazama kwa macho mabaya yule aliyenongona neno moja nyuma ya sala ya jioni.

Howard Becker, wa Marekani, alitoa mwaka wa 1963 kitabu chenye jina lililo ndugu ya lile la Camus: Outsiders, ndiyo kusema watu wa inje. Alichunguza wavuta bangi na wapiga muziki wa dansi, na fundisho lake ni hili: jamii inatunga sheria, kisha inachagua nani atapigwa chapa kwa sheria ile. Wawili wanaweza kufanya jambo moja. Mmoja anapigwa chapa, wa pili anarudi nyumbani kwake.

Sisi wakristu tunayapokea mafundisho haya kwa faida, maana yanatuonyesha ginsi tunavyoweza kukosa haki tukizani tunailinda. Lakini hatuwezi kuyafanya kuwa neno la mwisho. Kama kosa lingekuwa chapa tu, basi na kifo cha yule Mwarabu kingekuwa chapa tu. Wakati Kaini alipomwua Abeli, hapakuwa na tribinali, hapakuwa na mshitaki wala gazeti, na hata hivi damu ililia toka udongoni, na Mungu aliisikia. Zambi iko mbele ya macho ya watu. Ndiyo sababu tuna haki ya kuwauliza watu kama wameitafuta zambi pale ilipo, ao kama wameitafuta pale wanapopenda iwe.

IV. Waliosahauliwa

Kwa kipimo hiki tunaweza sasa kumhukumu Camus mwenyewe. Katika dibaji aliyoiandika mwaka wa 1955 alieleza kwamba Meursault ni mtu anayekataa kusema uongo, na kwamba anakufa kwa ajili ya kweli. Hata alithubutu kumfananisha na Kristu, Kristu pekee tunayestahili. Wengi wamelirudilia neno hili pasipo kufungua tena kitabu.

Tukifungue. Meursault hasemi uongo juu ya uchungu wake, ni kweli. Lakini ni nani aliyeandika ile barua? Ilikuwa mtego, naye aliiandika vizuri, kwa uangalifu, kusudi Raymond afurahi. Kisha alikwenda kwa polisi kumshuhudia Raymond kwamba yule mwanamke alimdanganya, neno ambalo yeye mwenyewe hakuliona, na Raymond akaachiliwa kwa maonyo tu. Mtu asiyekubali kutoa chozi la uongo alikubali kutoa ushuhuda wa namna hii. Anapenda kweli juu ya moyo wake. Juu ya mgongo wa mwanamke aliyepigwa, hana habari.

Sasa tumtazame Raymond. Amempiga mwanamke mpaka damu. Mtaa wote umesikia. Na tribinalini anasimama kama shahidi, anasema, anashuka, anakwenda zake. Mshitaki anamtukana kidogo kwa sababu ya kazi yake, lakini ni kusudi amchafue Meursault kwa urafiki wake. Juu ya mwanamke yule hakuna anayeuliza afya yake. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye fundisho zito la kitabu, hata kama Camus hakulisema wazi: yule asiyelia ni mtu wa inje, na yule anayepiga wanawake amebaki ndani.

Na marehemu? Hana jina. Toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho anaitwa Mwarabu. Katika mashahidi wote hakuna Mwarabu hata mmoja. Mama yake haonekani, maiti yake hatujui ilizikwa wapi. Conor Cruise O'Brien, yule Mwirlandi ambaye wazee wa Lubumbashi walimjua katika mwaka wa 1961 akiwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa kule Katanga, aliandika katika mwaka wa 1970 kitabu kizima juu ya Camus. Alionyesha kwamba hukumu ile haikuweza kutokea katika Aljeria ya wakoloni: tribinali ya Wafaransa isingemwua Mfaransa kwa ajili ya Mwarabu aliyekuwa na kisu mkononi. Kwa kutuonyesha tribinali yenye kusahau rangi, Camus ametusahaulisha neno ambalo kila Mwarabu wa Alger alilijua. Na si kwamba alikosa habari: mwaka wa 1939 alikuwa ameandika kwa huruma nyingi juu ya njaa ya watu wa Kabylie. Lakini katika hadisi yake tunalia juu ya mwuaji, na tunafunga kitabu pasipo kuuliza jina la aliyeuawa.

Jina lilitolewa miaka 71 baadaye. Kamel Daoud, mwandishi wa gazeti wa Aljeria, alitoa katika mwaka wa 2013 kitabu Meursault, contre-enquête. Msemaji ni Haroun, sasa mzee, ndugu mdogo wa marehemu, na marehemu anaitwa Moussa. Mtu angezani ni kitabu cha kulipiza kisasi. Lakini Daoud anakwenda mbali zaidi. Haroun naye anamwua Mfaransa, katika siku za kwanza za uhuru, mwezi wa saba 1962. Anakamatwa, na afisa anamkaripia kwa sababu amechelewa: angeua mbele ya uhuru, pamoja na ndugu zake porini, angekuwa shujaa. Mwishoni anafunguliwa. Tribinali ya wakoloni ilimwuliza mwuaji kwa nini hakulia pamoja na wengine. Watu wa uhuru wanamwuliza kwa nini hakupigana pamoja na wengine. Wote wawili hawana habari na maiti. Bendera imegeuka, na swali limebaki lile lile. Mwandishi mwenyewe alionja chungu hicho: mwisho wa mwaka 2014 imamu mmoja aliomba wazi Serikali ya Aljeria imhukumu Daoud kifo.

V. Padri wa gereza

Waseminari watauliza juu ya yule padri anayeingia katika chumba cha Meursault mbele ya kufa. Wengi wanamwona Camus kuwa amemchora kwa zarau. Hatukubali. Padri yule alikataliwa mara tatu, na akarudi. Meursault anamshika shingo ya kanzu na kumpigia kelele. Walinzi wanataka kumtendea Meursault vibaya, padri anawatuliza. Anaondoka na machozi machoni, na baada ya kuondoka kwake Meursault anapata utulivu. Padri wengi wa kweli hawakufanya zaidi.

Kosa lake ni lingine. Anasema juu ya Mungu, juu ya uzima wa milele, juu ya mzigo wa zambi. Hasemi hata neno moja juu ya mtu aliyelala kando ya chemchemi. Toba aliyomletea ilikosa uso. Mtu haombolezi zambi isiyo na mtu ndani yake. Analia akikumbuka nani aliumizwa. Kama padri angemwuliza, «Yule uliyemwua alikuwa na mama?», labda Meursault, aliyezika mama yake pasipo machozi, angesikia kitu. Hatujui. Swali halikuulizwa.

VI. Kwetu

Hatusemi haya kusudi tuwacheke watu wa Alger. Kilio cha kwetu kina macho mengi. Kulia pamoja na wafiwa ni desturi njema, na Yezu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro. Lakini nani hajasikia maneno yanayonongonwa nyuma ya matanga? Mjane hajitupi chini: anajua kilichomwua bwana wake. Ndugu amefika siku ya tatu: aliogopa maiti isimtazame. Mtoto anacheza uwanjani wakati wakubwa wanalia: mtoto gani huyo?

Kwa mtoto jambo linakuwa baya zaidi. Tangu miaka ya 1990, kule Kinshasa na katika miji mingine ya inchi yetu, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Ishara zinazotajwa tunazijua wote: anakojoa kitandani, anasema usingizini, anakula sana, ana kifafa, ana akili kupita umri wake, hajibu akiulizwa. Hakuna hata moja iliyo zambi. Ni ile kahawa ya maziwa ya Meursault, ni ile sigareti. Na tukitazama mtoto yule ni nani, mara nyingi tunakuta ni yatima, ao mtoto wa mke wa kwanza katika nyumba ya mama wa kambo, katika nyumba yenye sahani moja. Chapa inapigwa pale ambapo mtetezi hayupo.

Sheria ya inchi imesema. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwazibu mwenye kufanya hivi. Lakini sheria hailali katika nyumba za watu. Mwalimu wa dini analala pale. Yeye ndiye anayeitwa usiku kuombea «mtoto mwenye pepo», na neno lake la kwanza linaweza kuokoa ao kuharibu. Akikubali kusali kwanza na kuuliza baadaye, amekwisha kutia sahihi yake chini ya mashitaki.

Basi aulize kwanza, kwa upole. Mtoto huyu alifanya tendo gani, siku gani, nani aliona? Nani aliumizwa, jina lake nani? Tukimfukuza, nani atapata faida? Mara nyingi swali la kwanza linakosa jibu, na la tatu linapata jibu upesi sana.

Tena asisahau upande wa pili. Huruma kwa mtu wa inje isitufanye vipofu juu ya watu wa ndani. Katika parokia zetu Raymond yupo. Anatoa sadaka nene, anaimba vizuri, anakaa benchi la mbele, na mke wake anavaa kitambaa hata wakati wa joto kusudi watu wasione shingo yake. Hakuna anayesema huyo ameacha njia, kwa sababu katika kila kilio anafika wa kwanza na analia kwa sauti.

Mungu alihukumu mwuaji wa kwanza namna gani? Swali lake lilikuwa juu ya yule asiyekuwapo: ndugu yako yuko wapi? Hakumwuliza Kaini kama alilia. Kisha akamwazibu kwa kweli, akamfukuza katika shamba lake. Na baada ya azabu akamtia alama, kusudi yeyote atakayemkuta asimwue. Tribinali ya Alger ilikosa mara mbili: haikuuliza ndugu yuko wapi, na ilimwua mwuaji. Papa Fransisko aliweka fundisho hili wazi katika Katekisimu mwaka wa 2018, akisema azabu ya kifo haikubaliki. Sisi Wakongomani tunapaswa kulikumbuka, kwa kuwa mwezi wa tatu 2024 Serikali yetu ilitangaza kuondoa kizuizi kilichokuwa kimezuia mauaji ya wafungwa tangu 2003.

Tunawashauri basi waalimu wa seminari wasikifiche kitabu cha Camus wala wasikisome peke yake. Kisomwe pamoja na kile cha Daoud, na sura ya nne ya Mwanzo ikiwa wazi juu ya meza. Wanafunzi waandike katika kaye zao orodha mbili: upande mmoja yote ambayo tribinali ilimwuliza Meursault, upande wa pili yote ambayo haikumwuliza. Orodha ya pili itakuwa ndefu. Wakiwa mapadri, katika kiti cha kitubio na chini ya mti wa mashauri, watahitaji ile ya pili.